Pale Kwenye Matawi

Jumatano ya kwanza ya mwezi wa sita, kabla ya saa sita mchana, nilimpoteza mke wangu kwenye barabara ya Dodoma, hapa Bonga. Ndivyo nilivyoandika kwenye daftari siku hiyo hiyo, nikiwa bado sijavua viatu. Chini yake niliandika: samaki hawakuonekana. Sijui kwa nini niliwaza habari ya samaki. Asubuhi alikuwa amekwenda mjini Babati kununua perege wa ziwani, na mimi ndiye niliyesema nina hamu nao.

Mimi ni mkulima, nimesoma hadi darasa la saba. Katika daftari hilo nimezoea kuandika siku za kupanda, siku ya mvua ya kwanza, na siku ng'ombe alipozaa. Sikuwahi kuandika habari za mtu. Naandika haya sasa kwa sababu kuna jambo nililolisema mbele ya watu ambalo halikuwa kweli, nikalitilia na sahihi, na mtaa mzima ukalifuata kwa miezi miwili. Sikudanganya. Lakini kweli pia sikuisema, na mpaka leo sielewi mtu akiwa katikati ya hayo mawili anaitwa nani.

Siku ile nilikuwa nyuma ya nyumba napiga maharage. Dereva mmoja wa bajaji alikuja akikimbia kwa miguu, bajaji yake kaiacha barabarani. Alisema, "Mzee, njoo. Mama amegongwa." Sikumuuliza mama gani. Nilivaa viatu, nikakosea, cha kushoto nikakiingiza kwenye mguu wa kulia, nikavua, nikavaa tena. Hiyo dakika niliyopoteza kwenye viatu nimeifikiria sana, ingawa najua isingesaidia chochote.

Nyumba yetu iko upande wa mashariki wa barabara. Kijia chetu kinatokea barabarani karibu na mahali bajaji zinapoegeshwa, na ng'ambo yake, upande wa pili wa lami, yuko jirani yetu anayepika maandazi, rafiki wa mke wangu tangu tulipohamia hapa. Nilipotokea barabarani niliangalia huku na huku. Upande wa mjini, mbali kidogo, kama hatua mia mbili, niliona lori limesimama, watu wamelizunguka, na mbele yake matawi ya miti yametandazwa juu ya lami. Ndivyo tunavyofanya gari likiharibika au kukitokea ajali. Watu wanakata matawi yenye majani, wanayalaza barabarani, ili madereva wanaokuja wajue mbele kuna jambo na wapunguze mwendo. Nilikimbilia kule.

Mke wangu hakuwepo. Walikuwa wameshampakia kwenye bajaji kumpeleka hospitali. Lakini juu ya matawi kulikuwa na ndala yake moja, ya bluu, imewekwa vizuri kama vile ameivua mlangoni. Niliichukua. Nilikwenda nayo hospitali, na nilikuwa bado nimeishika mganga aliponiita pembeni.

Tulimzika Ijumaa. Ndugu zake walishuka kutoka Mbulu, wengine walifika msiba ukiwa umekwisha. Kila aliyekuja kutoka mbali aliniuliza, "Ilikuwa wapi?" nami nilimchukua hadi pale kwenye matawi. Tulisimama, mtu akaomba, tukarudi. Majani yalinyauka, yakapukutika, vijiti vikasukumwa pembeni na magari. Nikaona mahali patapotea, nikaweka jiwe kando ya lami na kulipaka chokaa. Majirani walipita wakaniona napaka. Wengine walisimama wakavua kofia. Mmoja alinishikia kopo la chokaa.

Hapa kwetu mtu akiwa na msiba hakuna anayemsahihisha. Akikuita kwa jina la mtu mwingine, unaitika. Akisimulia habari ya marehemu na kuchanganya miaka, watu wanasema "ndiyo kabisa." Mimi mwenyewe nimewafanyia wengi hivyo. Nimekaa kwenye misiba nikiitikia mambo ambayo nilijua si hivyo, na nilidhani ni wema.

Lakini mimi sikuwa na amani na mahali pale. Bajaji inayotoka mjini inamshusha mtu upande wetu. Akishuka, anaingia kijiani, yuko nyumbani. Alikuwa na haja gani ya kuvuka? Na kama alivuka, kwa nini avukie kule, hatua mia mbili kabla ya kufika kwake? Upande wa pili pale hakuna duka, hakuna bomba la maji, hakuna nyumba ya mtu tunayemfahamu. Kuna mtaro, na baada ya mtaro kuna shamba la alizeti.

Nilimfuata mwenye shamba.

"Mke wangu alikuwa anakuja kwako siku ile?" nilimuuliza.

"Kwangu? Kufanya nini?"

"Sijui. Ndiyo maana nakuuliza."

"Mzee, siku hiyo mimi nilikuwa Kondoa."

"Kwa hiyo huwezi kujua kama alikuja."

"Siwezi kujua," alisema. "Ila hakuwa na sababu."

Tulisimama tukiangalia alizeti. Zilikuwa zimekauka, zimeinamisha vichwa, tayari kuvunwa. Nilimuaga, nikaondoka nikiwa sijui zaidi ya nilivyokuja.

Niliwaza mambo ambayo sikutakiwa kuyawaza. Tumeishi pamoja miaka thelathini na moja, na sikuwahi kumjua kwa siri yoyote zaidi ya kuficha sukari wageni wasiimalize. Sasa nikawa najiuliza alikuwa anakwenda kwa nani. Nilifungua sanduku lake, nikapekua, nikakuta vitenge, cheti cha ubatizo cha binti yetu mkubwa, na dawa ya macho iliyoisha muda. Nilirudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Naandika hilo pia. Nilimpekua mke wangu aliyekufa.

Kabla shule hazijafunguliwa, mwenyekiti wa mtaa aliitisha kikao. Watu walijaa mpaka nje ya ofisi. Kila mtu alisema barabara imetumaliza, malori yanakuja kutoka Dodoma kama yanafukuzwa, na watoto wetu wanavuka mara mbili kwa siku kwenda shule. Wengine walitaka tuamke asubuhi na majembe tujenge tuta letu la udongo. Askari wa usalama barabarani aliyealikwa alisimama akasema hii ni barabara kuu, mtu haweki tuta kama anavyoweka tuta la viazi, usiku lori likilivaa tutakuwa tumeua wengine. Alitushauri mambo mawili. Kwanza, wazazi wajipange kwa zamu wawavushe watoto kwa bendera nyekundu. Pili, tuandike barua kwa ofisi ya barabara kuomba alama ya pundamilia na matuta ya kupunguza mwendo, tukitaja mahali penyewe.

"Mahali panajulikana," mwenyekiti alisema, akanigeukia. "Baba, samahani kwa kukurudisha kwenye uchungu. Ni pale pale kwenye matawi?"

Nikasema, "Ndiyo. Ni pale."

Nakumbuka kulikuwa na kimya. Nilidhani ni kimya cha heshima. Jirani yetu wa maandazi alikuwa amekaa benchi la mbele, akawa anakunja na kukunjua upindo wa kitenge chake. Barua iliandikwa hapo hapo. Ilisema mahali ajali ilipotokea ni penye jiwe jeupe, mkabala na shamba la alizeti. Walinipa kalamu, nikatia sahihi kama shahidi. Mwenye duka la vitambaa mjini, Mwislamu ambaye mke wangu alizoea kununua vitenge kwake, alitutolea kitambaa chekundu cha bendera, na hakutaka hata tumwambie ni mita ngapi.

Shule zilipofunguliwa, zamu zilianza. Watu wawili asubuhi, wawili mchana, wanasimama kwenye jiwe langu na bendera. Magari yalisimama kweli, madereva wana adabu wakiona kitambaa chekundu. Yakishasimama, hakuna aliyevuka. Dereva anatoa kichwa dirishani, anatazama kushoto, anatazama kulia, anauliza, "Anavuka nani?" Watoto walikuwa wanavukia kule chini walikozoea, mbele ya karai la maandazi, kinapoanzia kijia cha kwenda shule.

Madereva wa bajaji walicheka mpaka wakachoka. Mmoja aliwaambia akina mama wa zamu, "Shikamooni. Leo mmevusha kunguru wangapi?"

"Marahaba. Tunakusubiri wewe," walimjibu.

Mwenyekiti alikuja na kipaza sauti. "Wazazi! Waambieni watoto wavukie kwenye bendera! Bendera haikuwekwa kwa urembo!"

Mama mmoja alimjibu toka upande wa pili, mtoto kamshika mkono, "Mwenyekiti, shule iko hapa, bendera iko kule! Unataka nimpeleke mtoto Babati ndiyo nimrudishe Bonga?"

Watu walicheka, kisha waliponiona wakanyamaza. Hilo la kunyamaza wakiniona nililizoea, sikuliwazia sana. Mwenyekiti akajaribu njia nyingine, akawaomba madereva wahamishe kituo cha bajaji kiwe karibu na jiwe, ili abiria washukie huko. Wakahama. Walikaa siku mbili bila abiria. Siku ya tatu bajaji zilirudi moja moja, kila dereva akisema amekuja kunywa chai tu.

Nilikasirika, nikiri. Niliona watu wanakaidi. Niliona tumeipa barabara hii mtu wetu na bado wanavukia wanapotaka. Siku moja nilimwambia binti yangu kwenye simu kwamba watu wa mtaa huu hawana akili. Akauliza, "Baba, umekula?"

Zamu yangu ilifika mwezi wa nane. Walitaka kuniruka, nikakataa. Nilisimama na bendera tangu saa kumi na mbili na nusu. Kulikuwa na upepo wa baridi, bendera inajikunja mkononi. Nilisimamisha basi mara moja, kwa sababu niliona mtu anakaribia. Alikuwa mwenye shamba la alizeti, na hakuwa anavuka, alikuwa anakojoa mtaroni. Basi likapiga honi, naye akaruka. Kule chini watoto walikuwa wanavuka makundi makundi, wanakimbia, mmoja anaangusha kiatu anarudi kukiokota. Nilimwona aliyerudi kukiokota. Nilikuwa na bendera mkononi na nilikuwa mbali mno kumsaidia.

Jirani yetu wa maandazi alinipandishia chai kwenye chupa. "Kunywa, shemeji, utaganda."

Nilikunywa. Nikamuuliza swali nililokuwa nimemuuliza kila mtu. "Shemeji, wewe ulikuwa rafiki yake. Hapa alikuwa anakuja kwa nani?"

Aliangalia jiwe. Alichukua chupa yake kabla sijamaliza kikombe, akashuka nayo bila kujibu, na mimi nikabaki na kikombe. Nikawaza, kumbe yupo mtu. Anamjua huyo mtu, anamficha. Siku hiyo ilikuwa mbaya kuliko siku ya mazishi.

Wiki iliyofuata mwenyekiti alipita nyumba hadi nyumba na habari njema. Ofisi ya barabara imejibu. Alhamisi atakuja mtaalamu wao kupima, na pakishapimwa ndiyo pamepitishwa, hakuna tena kuhangaika. Kesho yake, Jumatano, saa kumi alasiri, jirani yetu aliingia uani kwangu akiwa ameshika mfuniko wa ndoo, wa plastiki, wa kijani.

"Nimekuletea mfuniko wenu, shemeji."

Niliupokea. Ukingoni ulikuwa umeungua kidogo. Nilikumbuka mke wangu alikuwa akiulalamikia. Ndoo yetu ya maji ya kunywa ilikuwa inafunikwa kwa sahani tangu Pasaka.

"Ulikuwa kwako?"

"Nilikuwa nafunikia unga."

"Ahsante."

Hakuondoka. Nilimletea kigoda, hakukaa.

"Siku ile alishuka upande wenu," alisema. "Alishageuka aingie kijiani, na samaki wake mkononi. Mimi nikamwita. Nikamwambia, wewe mwanamke, njoo uchukue mfuniko wako kabla sijaufanya wangu. Akasema, umeshaufanya wako zamani. Akavuka anacheka."

Nilikuwa simwelewi. Nilimuuliza, "Akavukia wapi?"

"Kwangu, shemeji. Pale pale karai lilipo."

"Na kule kwenye matawi?"

"Kule ndiko lori lilikosimama. Lilimgonga kwangu, likaenda kusimama kule. Wenye bajaji wakakata matawi wakaweka mbele yake."

"Na ndala?"

"Iliburutwa na lori. Mtu aliitoa chini akaiweka juu ya majani isikanyagwe. Ukaja ukaikuta."

Niliangalia mfuniko. Nilikuwa nataka kuuliza kitu kikubwa, lakini nilichouliza ni, "Na samaki?"

"Mbwa," alisema, akaanza kulia.

Tulikaa hivyo, yeye amesimama, mimi nimekaa kwenye kigoda nilichomletea yeye. Baadaye nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ulikuwa umeishika ile ndala. Ulikuwa unawaonyesha watu. Nani angekuja akwambie, mzee, sogea, si hapo?" Alijifuta kwa kitenge. "Na mimi ndiye niliyemwita. Kila nikitaka kusema hilo la mahali, naona lazima niseme na hili."

"Nani mwingine anajua?"

"Walioona ni wengi, shemeji."

"Mwenyekiti?"

"Alikuwa kwangu anakunywa chai."

Kama nilipaswa kukasirika, sikukasirika. Kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa furaha. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Hakuwa anakwenda kwa mtu. Alikuwa anavuka kuchukua mfuniko wa ndoo, anacheka, na samaki wangu mkononi. Halafu nikaona aibu kwa furaha hiyo. Halafu nikakumbuka jiwe, na ndugu zake wa Mbulu niliowasimamisha pale wakaomba, na sahihi yangu, na akina mama waliosimama na bendera miezi miwili kwenye baridi, wakivusha kunguru, ili mimi nisiambiwe. Sikujua niwashukuru au niwaombe radhi. Sijui mpaka sasa.

Nilimwambia kesho nitasema. Nikamwambia pia kwamba habari ya mfuniko si ya ofisi ya barabara, hiyo ibaki kati yetu. Alisema, "Sema yote ukitaka. Nimechoka nayo." Kwa hiyo naiandika kwa ruhusa yake.

Jioni hiyo hiyo nilikwenda kwa mwenyekiti. Alikuwa anafunga mbuzi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuniangalia.

"Mzee wangu," alisema, "barua imepokelewa. Tukibadilisha maneno kesho mbele ya mtaalamu, atasema hawa hawajui wanachotaka, atafunga faili aende mtaa mwingine. Wapo wengi wanaoomba. Mstari mahali pabaya ni afadhali kuliko kukosa kabisa."

"Watoto hawavuki kule."

"Watazoea."

"Miezi miwili hawajazoea."

"Wakiona rangi watazoea." Akamalizia fundo la kamba. "Halafu pale ni pa mama. Watu wameshapaheshimu."

"Si pake," nilisema. "Hata hakufika."

Nilimuuliza kwa nini kwenye kikao aliniuliza mahali ambapo alipaona kwa macho yake. Alisema, "Nilidhani utasema penyewe." Kisha akasema, "Ungesema popote ningepaandika."

Nilirudi nyumbani nikiwa sijaamua. Niliyemwambia nitasema ni jirani yetu, lakini wakati ule nilikuwa sijajua kwamba kusema kunaweza kutunyima tulichoomba. Nikinyamaza, tutapata pundamilia kwenye shamba la alizeti, na watoto wataendelea kukimbilia mbele ya karai. Nikisema, huenda tusipate chochote popote, na mtaa utajua ni mimi niliyeharibu, mara ya pili. Niliuweka mfuniko juu ya ndoo. Ulikaa sawasawa.

Alhamisi mtaalamu alikuja kabla ya saa sita, na dereva wake. Alikuwa mwanamume wa makamo, koti la kung'aa, karatasi mkononi, kopo la rangi ya njano ya kupuliza, na gurudumu la kupimia lenye mpini mrefu. Tulikuwa watu kama ishirini tumesimama kwenye jiwe. Mwenyekiti alimsalimia, akamkaribisha.

"Ni hapa?" aliuliza, akiangalia barua.

"Hapa hapa," mwenyekiti alisema. "Jiwe hilo ndilo lililotajwa."

Nikasema, "Si hapa."

Mtaalamu aligeuka. "Wewe mzee ni nani?"

"Aliyefariki ni mke wangu. Hiyo sahihi ya chini ni yangu."

"Pole sana, mzee. Sasa si ndiyo umeandika hapa?"

"Ndiyo, ila sikuwepo."

"Hukuwepo. Ulisainije?"

"Niliona matawi."

Alirudia kusoma barua, kama vile matawi yangekuwa yametajwa. Mwenyekiti alikuwa anaangalia viatu vyake. Hakuna aliyesema kitu, na safari hii nilijua ni kimya cha namna gani. Mtaalamu akatazama saa. "Nina mitaa mingine miwili leo," alisema. "Nikiwa na barua inasema hapa, na mtu aliyesaini anasema si hapa, mimi nifanye nini?"

Mama mmoja aliyeshika bendera, yule yule aliyemjibu mwenyekiti siku ile, akasema, "Mzee anasema kweli. Sote tunajua."

"Mnajua nini?"

"Kwamba si hapa."

"Wote?"

Watu waliitikia kwa vichwa, mmoja baada ya mwingine. Mwenyekiti aliitikia mwishoni. Mtaalamu alitutazama sisi ishirini kama anatazama kitu ambacho hakukisomea. Nilidhani atafunga karatasi zake. Badala yake aliuliza, "Watu wanavukia wapi?"

Wakati huo madarasa ya chini yalikuwa yametoka. Hatukuhitaji kumjibu. Kule chini watoto walikuwa wamejazana ukingoni kwenye karai la maandazi, bajaji zimewaziba, dereva mmoja amesimama katikati ya lami amenyoosha mikono yote miwili kuzuia gari, na watoto wanapita chini ya mikono yake. Bendera zote mbili zilikuwa huku kwetu.

Mtaalamu alianza kutembea na gurudumu lake, sisi nyuma yake. Lilikuwa linatoa mlio mdogo kila likizunguka. Sikuhesabu. Nilipita mahali ambapo nadhani lori lilipita, lakini sikujua hasa ni wapi, na hakuna aliyenionyesha.

Tulipofika, jirani yetu alikuwa amesimama nyuma ya karai. Mtaalamu alimsalimia, akaangalia mteremko, akaangalia bajaji, akauliza malori yanaonekana kutokea wapi. Aliwaambia madereva wa bajaji kwamba hata bila rangi, wakirudi nyuma kidogo mtoto ataonekana. Dereva aliyezoea kutania alisema, "Tulishahamishwa mara moja, bosi, kule kwa kunguru." Safari hii hakuna aliyecheka. Walianza kusukuma bajaji zao nyuma.

"Siahidi kitu," mtaalamu alimwambia mwenyekiti. "Barua iandikwe upya, iletwe wiki hii, isainiwe na mtu aliyekuwepo. Leo naweka alama tu ya kupimia."

Mwenyekiti alisema atasaini mwenyewe. Jirani yetu alisema, "Na mimi."

"Mama, meza na jiko lako vitatoka hapo," mtaalamu alimwambia. "Hapo ndipo mtu atasimama kusubiri."

Aliepua karai, mafuta bado ya moto, akalibeba kwa vitambaa viwili. Madereva wawili walibeba meza. Ardhi iliyobaki ilikuwa nyeusi kwa mkaa wa miaka mingi. Mtaalamu alichuchumaa ukingoni mwa lami, akatikisa kopo, akapiga mstari mfupi wa njano. Alipima, akasogea, akatikisa tena. Nilikuwa nimesimama karibu naye, naangalia ng'ambo, kwenye kijia chetu.

"Mzee," alisema bila kuinua kichwa, "mguu."

Nikasogeza mguu.